Nesi Mwenye Rota Si Mkandarasi

SWALI



Mimi ni muuguzi mwenye diploma, na leseni yangu ya Baraza la Wauguzi naifanya upya kila inapofika wakati. Kwa miaka minne sasa nimekuwa katika hospitali moja ya kibinafsi kwenye barabara ya kwenda Kisii. Naomba usiitaje. Nilipoingia niliambiwa naanza kama lokamu, yaani nesi wa kushika zamu kwa muda, na kwamba nitathibitishwa baada ya miezi mitatu. Mpaka leo sijathibitishwa. Kila mwisho wa mwezi naandika invoisi ya Sh45,000, wanakata asilimia 5, napata Sh42,750 kwenye benki. Akiba ya uzeeni ya NSSF sina, bima ya afya ya SHA sikatwi, likizo siijui. Rota inapangwa na matroni. Nikiugua ni lazima nitafute mwenzangu wa wodi hiyo hiyo anishikie zamu, matroni amkubali, kisha nimlipe kutoka mfukoni mwangu. Mwaka huu nilichelewa mara mbili kwa sababu ya mvua na matatu, nikaandikiwa barua ya kujieleza.

Sasa tumeletewa karatasi ya kurasa sita, "Mkataba wa Mkandarasi Huru", na kila mmoja anatakiwa awe amesaini kabla ya mwisho wa mwezi. Inasema sisi si waajiriwa, hatuna likizo ya aina yoyote, anayekosa zamu tatu mkataba wake umekwisha, na mgonjwa akishtaki tutagharamia wenyewe. Nina mimba ya miezi mitano.

Mume wangu anasema nisaini ninyamaze kwa sababu Januari haiko mbali na karo haingoji. Binamu yangu aliye Minnesota anasema huko manesi wengi hufanya kazi kama wakandarasi na hupata pesa nzuri kuliko walioajiriwa, kwa hivyo nisiogope. Na kuna jambo lingine. Siku zangu za ofu huzunguka Ikonge na Kebirigo nikiwaosha vidonda wazee wenye kisukari nyumbani kwao, nao hunilipa. Je, huko pia mimi ni mkandarasi? Nifanye nini?

Nesi wa Keroka

JIBU

Usiisaini karatasi hiyo jinsi ilivyo, dada yangu. Pia usiache kazi, wala usiingie kwa meneja ukiwa na hasira, ingawa hasira hiyo naielewa: miaka minne ya kukesha wodini, halafu mtu akwambie wewe si wa hapo. Una haki nyingi kuliko ulivyoambiwa. Ila kila mara unapoweka sahihi chini ya maneno yanayozikana, kazi ya kuzidai huwa ngumu zaidi.

Kwa maelezo uliyonipa, mimi nakuhesabu mwajiriwa, na jina lililoandikwa juu ya karatasi haliwezi kulibadilisha hilo peke yake. Mahakama zetu zikiletewa mzozo wa namna hii husoma mkataba, kisha huuliza kazi yenyewe ilifanywaje. Nani alipanga saa? Vifaa vilikuwa vya nani? Kazi hiyo ni sehemu ya shughuli za kila siku za mwenye biashara, au ni huduma ya pembeni? Mfanyakazi alibeba faida na hasara yake mwenyewe, au alingoja kiasi kile kile kila mwisho wa mwezi? Upande mmoja ulikuwa na wajibu wa kutoa kazi na mwingine wa kuifanya? Mahakama Kuu ilivipitia vipimo hivi mwaka 2013 katika kesi ya kodi kati ya kampuni ya Everret Aviation na mamlaka ya kodi, KRA, na majaji wa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi wameirejelea mara nyingi tangu hapo.

Jipime basi. Rota inatoka kwa matroni. Dawa, glavu na mashine ya presha ni vya hospitali. Mgonjwa akilipa, analipa kwa keshia wa hospitali. Ukichelewa unaandikiwa barua ya kujieleza, na barua hiyo ndiyo iliyonisimamisha niliposoma maelezo yako, kwa kuwa mkandarasi aliyechelewesha kazi hukatwa pesa au hunyimwa kazi inayofuata. Haitwi ajieleze. Nidhamu ya namna hiyo ni ya mwajiri kwa mwajiriwa wake. Itunze barua hiyo vizuri.

Mtazame mchongaji wa mawe pale Tabaka. Mnunuzi wa Nairobi humwagiza viboko mia wa mawe na kutaja tarehe ya kuwachukua. Mchongaji huamua kama ataamka alfajiri au saa nne. Patasi ni zake, jiwe amelinunua mwenyewe, na akizidiwa humpa ndugu yake nusu ya kazi bila kumwuliza mtu. Jiwe likipasuka, hasara ni yake. Akimaliza mapema, huchukua oda ya mtu mwingine. Huyo ni mkandarasi huru. Wewe hata kumtuma mwenzako akushikie zamu ni lazima matroni amkubali.

Hospitalini kwenu yumkini yuko mkandarasi wa kweli, na ukimtazama utaona tofauti. Hospitali nyingi za Kisii na Nyamira huwa na daktari bingwa wa upasuaji au wa magonjwa ya wanawake anayekuja siku moja au mbili kwa wiki. Huja na orodha yake ya wagonjwa, hujadiliana ada yake kwa kila upasuaji, hufanya kazi katika hospitali nyingine kadhaa, na Jumanne akiwa na safari, huwapigia simu kuwaarifu haji. Hakuna anayempangia zamu ya usiku ya Krismasi. Hospitali ikimwita mkandarasi, inasema kweli.

Najua meneja atakujibu nini. Atasema ninyi ni wataalamu wenye leseni zenu, hakuna anayewafundisha kuingiza sindano kwenye mshipa, kwa hivyo mnajitegemea. Hoja hiyo ni kongwe, na ilianza hospitalini. Mwaka 1909, katika kesi ya Hillyer, majaji wa Uingereza walisema kwamba manesi wakiwa ndani ya chumba cha upasuaji wako chini ya amri ya daktari mpasuaji, na hospitali haiwajibiki kwa wanalolifanya humo. Hospitali zikaegemea maneno hayo kwa miaka mingi. Kisha mwaka 1951 ikaja kesi ya mtu aitwaye Cassidy, aliyeingia hospitali kutibiwa vidole viwili akatoka na mkono usiofaa kitu. Hospitali ikajitetea kwamba haiwezi kumwelekeza daktari jinsi ya kufanya kazi yake. Mahakama ya Rufani ikakataa: kama hospitali ndiyo iliyomchagua daktari na kumweka pale, nayo ndiyo inayotibu. Mwaka uliofuata, Jaji Denning, katika kesi nyingine isiyohusu hospitali, akaeleza kipimo ambacho mahakama zetu bado zinakitumia: mtu ambaye kazi yake imeunganishwa ndani ya shughuli ya mwenzake ni mwajiriwa, hata kama ujuzi wake unamzidi anayemlipa. Wodi bila nesi si wodi. Sioni kazi iliyounganishwa zaidi ya hiyo.

Hata lile neno lokamu uliloingia nalo halikufungi milele. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazotimiza mwezi mmoja, au akipewa kazi isiyotarajiwa kwisha ndani ya miezi 3, huhesabiwa kama mwajiriwa wa mwezi na hupata haki zake. Wewe una miaka minne. Kifungu cha 9 kinamtaka mwajiri aandike mkataba wowote wa kazi ya miezi 3 au zaidi. Jukumu hilo si lako. Asipouleta mahakamani, kifungu cha 10 kinamtwika yeye mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti unayodai. Kifungu hicho hicho kinamtaka ashauriane na mfanyakazi kabla ya kubadilisha masharti ya kazi. Kuwagawia karatasi na tarehe ya mwisho si kushauriana.

Kuna jambo linalokuumiza, na ni afadhali ulisikie kwangu kabla ya kulisikia kwa wakili wao. Zile invoisi zitasomwa dhidi yako. Ile asilimia 5 pia, maana ni kodi ya zuio inayokatwa kwenye ada za kitaaluma, wakati mwajiriwa hukatwa PAYE, kodi ya mshahara. Ziko kesi nchini ambazo mtu alijiita mshauri, akatoa invoisi kwa miaka, akafurahia kodi ndogo, akaja kudai likizo alipoachishwa, na jaji akamwambia alichagua mwenyewe. Ukiongeza mkataba wa kurasa sita wenye sahihi yako, uliousoma na kuukubali ukiwa na akili timamu, unaipa hospitali ushahidi inaoutafuta. Kwa maoni yangu ndiyo maana wameuleta sasa. Kama tayari ungekuwa mkandarasi bila shaka yoyote, wasingehitaji karatasi ya kusema hivyo.

Tuje kwenye pesa, maana mume wako ana hoja na nataka tuisikilize kwa tarakimu. Ukiwa mwajiriwa wa Sh45,000, kwa viwango vya mwaka 2025 ungekatwa NSSF Sh2,700, afya ya SHA takriban Sh1,238, ada ya nyumba Sh675 na PAYE takriban Sh4,500. Ungebaki na karibu Sh35,900. Leo unapokea Sh42,750. Kwa mtazamo wa haraka, ukandarasi unakupa karibu Sh6,900 zaidi kila mwezi, na hilo ndilo linalowafanya manesi wengi wanyamaze.

Lakini ile asilimia 5 si kodi yako yote. Ni malipo ya awali tu. Mapato yako ya mwaka ni Sh540,000, na kodi yake, baada ya msamaha wa Sh2,400 kwa mwezi, ni takriban Sh70,600 kama hujatoa gharama zozote za kazi na hukuchangia chochote mwenyewe. Waliyokata ni Sh27,000. Zinazobaki, karibu Sh43,600, ni deni lako kwa KRA, na hulipwa kufikia tarehe 30 Aprili ya mwaka unaofuata. Ritani huwasilishwa kufikia 30 Juni. Wengi hapa kwetu huenda saiba mwezi Juni na kujaziwa ritani ya sufuri, wakidhani wamemaliza. Wakati huo vyeti vya kodi ya zuio viko kwenye iTax chini ya PIN yao, vikionyesha walilipwa kiasi gani na nani. Ingia uvitazame. Kama hospitali ilikukata na vyeti havipo, basi pesa zako hazikufika KRA, na hilo ni jambo la kuwauliza kwa maandishi. Kama umekuwa ukijaza sufuri, mtafute mhasibu urekebishe ritani kabla hujafungua mzozo na mtu yeyote.

Toa deni hilo kwenye ile ziada ya Sh6,900 kwa mwezi na utaona nusu yake imeondoka. Kinachobaki ndicho unachonunulia kila kitu ambacho mwenzako aliyeajiriwa hupewa. Mwajiri angekuongezea NSSF nyingine ya Sh2,700 kila mwezi, na hiyo ni Sh32,400 kwa mwaka za uzeeni mwako. Ungepata siku 21 za likizo zenye malipo. Ukiugua, baada ya miezi 2 kazini, sheria inakupa angalau siku 7 za malipo kamili na 7 za nusu kwa mwaka. Wewe siku hizo unamlipa mwenzako. Na ungelipwa likizo ya uzazi.

Hapo kwenye uzazi nitakaa kidogo, kwa sababu kalenda haikungoji. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Ajira kinampa mwajiriwa mwanamke miezi 3 kwa mshahara kamili, na haki ya kurudi kwenye kazi yake au nyingine isiyo duni. Kwako ni Sh135,000. Karatasi yao inakufutia zote, halafu inasema ukikosa zamu tatu mkataba umekwisha. Utajifungua vipi bila kukosa zamu tatu? Kwa nesi mwenye mimba, mstari huo ni barua ya kufukuzwa iliyoandikwa mapema, na kifungu cha 46 kinasema waziwazi kwamba mimba si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Sidhani aliyeuandika alikuwa akikufikiria wewe. Lakini matroni bila shaka anajua una mimba, na hakuna aliyesema basi mstari huo tuufute.

Jambo la haraka kuliko yote haya: kama hukatwi SHA kazini na hujajilipia, jisajili na ulipe mwenyewe sasa. Wasio na mshahara wa kukatwa hupimwa uwezo na hulipa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja. Usingoje mzozo uishe. Mtoto atakuja kabla ya hukumu yoyote.

Halafu iko sindano. Kila nesi amewahi kujidunga au kumwona mwenzake amejidunga saa tisa usiku akimhudumia mgonjwa anayerusharusha mikono, kisha zikafuata siku za dawa za kinga na wiki za kungoja majibu ya vipimo. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awe na bima kwa wafanyakazi wake. Inamlinda aliyeajiriwa kwa mshahara, na mkandarasi huru hayumo. Mstari wa mgonjwa kukushtaki nao ni mzito hivyo hivyo. Hospitali inakupangia wagonjwa ishirini na wewe ni nesi mmoja usiku kucha, halafu kosa likitokea la uchovu, inakuachia gharama. Mtu asiyepanga idadi ya wagonjwa wake hafai kubeba hasara ya mpango huo peke yake. Mstari huo ukatae hata kama mengine yote utayakubali.

Binamu yako wa Minnesota hakudanganyi, ila amekueleza nusu. Huko yuko nesi anayejadili malipo ya saa kwa nguvu, anachagua mji na majuma ya kufanya kazi, na malipo yake yamepangwa kufidia bima na akiba asizopewa. Lakini hata Marekani wapo wanaoitwa wakandarasi kwa karatasi tu. Januari 2022, mahakama ya shirikisho huko Norfolk, Virginia, iliamua kwamba manesi na wasaidizi wao zaidi ya 1,000 waliopelekwa kwenye vituo mbalimbali na wakala mmoja walikuwa waajiriwa wa wakala huyo, ingawa walisaini kuwa wakandarasi. Wakala akaamriwa kulipa zaidi ya dola milioni 7 za saa za ziada walizonyimwa na fidia. Na California, ilipokaza sheria yake kuanzia mwaka 2020, iliwatoa madaktari kwenye kipimo kipya cha ukandarasi, lakini manesi haikuwatoa. Mwulize binamu yako kama analipwa kwa saa za ziada, na nani humlipia bima. Jibu lake litakufaa kuliko ile habari ya pesa nzuri.

Usichanganye pia ukandarasi huu na ajira ya kandarasi. Wale wahudumu wa afya wa mpango wa UHC walioajiriwa kwa mikataba ya muda tangu 2020, na waliokita kambi nje ya Afya House, makao ya Wizara ya Afya, mwaka 2025 wakidai ajira ya kudumu, walikuwa waajiriwa siku zote. Ugomvi wao ulikuwa juu ya muda na mshahara. Kama hospitali yenu ingewapa mkataba wa ajira wa miaka 2 wenye NSSF, likizo na notisi, ningekwambia uusome na pengine uusaini.

Na Ikonge na Kebirigo? Huko ndiko ulikojiajiri kweli, na nimefurahi kusoma hivyo. Mkoba ni wako, bendeji umenunua wewe, bei mmepatana na familia ya mzee, na siku usiyoweza unapanga nyingine. Mtu mmoja anaweza kuwa mwajiriwa Jumatatu na mkandarasi Jumamosi, na sheria haioni ajabu. Ila uifanye kikamilifu. Baraza la Wauguzi lina leseni ya kuhudumu kibinafsi, tofauti na ile ya kawaida uliyo nayo, iombe. Nunua bima ya makosa ya kitaaluma. Andika kwenye daftari kila kidonda ulichokiona, hali yake, ulichofanya na siku uliyomshauri mzee aende hospitali, kwa sababu mguu wa mwenye kisukari huharibika haraka na siku hiyo familia itatafuta wa kulaumu. Mapato hayo pia yaingie kwenye ritani. Usishangae ikiwa baada ya miaka michache kazi hiyo ndiyo itakayokulisha; wazee wanaoishi peke yao kwenye vijiji vya Nyamira, watoto wao wakiwa Nairobi na ng'ambo, ni wengi.

Sasa ufanye nini wiki hii. Kusanya ushahidi wako kimya kimya: rota zilizotumwa kwenye kikundi cha WhatsApp cha wodi, barua ya kujieleza, kitambulisho cha kazi, taarifa za benki za miaka yote minne, memo za mikutano ya wafanyakazi, ujumbe wowote ambao uliomba likizo ukanyimwa. Viweke nje ya simu moja. Ila usiguse faili la mgonjwa hata ukurasa mmoja, wala usipige picha kitabu cha ripoti chenye majina yao. Hiyo ni siri ya mgonjwa, inalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na kiapo chako, na ni kosa ambalo lingewapa sababu halali ya kukufukuza.

Kisha andika barua fupi, bila lawama. Unaweza kusema hivi: "Nimeupokea mkataba mliotupa. Nimefanya kazi hapa kwa miaka minne chini ya rota na usimamizi wa hospitali, na naamini mimi ni mwajiriwa kwa mujibu wa Sheria ya Ajira. Naomba tushauriane kabla masharti yangu hayajabadilishwa, na naomba nakala niende nayo nipate ushauri. Kwa sasa naendelea na zamu zangu kama kawaida." Toa nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa, urudi nayo nyumbani. Barua ya pili, ya likizo ya uzazi, iandike mapema ingawa sheria inataka angalau siku 7 tu kabla ya kuondoka, na uambatanishe cheti cha kliniki.

Zungumza na wenzako kabla ya kupeleka. Barua nane za maneno yanayofanana siku moja humfanya mkurugenzi aite mkutano. Barua moja humfanya atafute nesi mwingine, nao waliomaliza vyuo wakikaa nyumbani Gusii hii ni wengi mno, meneja analijua hilo kuliko mtu yeyote. Sikuambii haya kukutisha. Nakwambia ili usiwe wa kwanza na wa pekee. Chama cha wauguzi, KNUN, kina watu wa tawi, na KUDHEIHA ni chama ambacho jina lake lenyewe lina wafanyakazi wa hospitali ndani yake. Vyote viwili viulize. Ofisi ya leba pale Kisii husikiliza malalamiko bila ada, humwita mwajiri, na mara nyingi mambo huisha hapo.

Yasipoisha, si lazima ufunge safari ya mbali. Tangu mwaka 2018 mahakimu wakuu na wakazi waandamizi wameruhusiwa kusikiliza kesi za ajira za wanaolipwa hadi Sh80,000 kwa mwezi, na wewe uko chini ya hapo, kwa hivyo mahakama ya Kisii au Nyamira inaweza kukusikiliza. Mwajiri akikuachisha bila sababu halali na bila kukusikiliza, fidia inaweza kufika mshahara wa miezi 12, mbali na likizo na notisi. Lakini madai ya ajira yana ukomo wa miaka 3, na kila mwezi unaopita ukiwa umenyamaza unaweza kuondoka na kitu cha zamani.

Kuhusu mume wako, mpe karatasi hiyo aisome mwenyewe, hasa ule ukurasa wa zamu tatu, kisha mfanye hesabu ya Januari pamoja: Januari yenye Sh135,000 za uzazi, na Januari ambayo umejifungua, huna zamu, huna mshahara, na KRA inasubiri Aprili. Nadhani anaogopa jambo lile lile unaloliogopa wewe, ila hajaliona limeandikwa.

Na kama mwishowe, baada ya kushauriana, mtaamua kwamba kuupoteza mlango huu kabisa ni hatari kubwa kuliko kusaini, basi usisaini bei ya zamani. Dai kiasi kitakachofidia NSSF, SHA, bima na siku za kuugua. Kwa hesabu yangu chini ya Sh60,000 unajipunja. Futa kwa kalamu mstari wa mgonjwa na ule wa zamu tatu, tia herufi za jina lako pembeni ya kila ulichofuta, na pale juu ya sahihi andika kwamba husamehi haki zozote za miaka minne iliyopita. Mkurugenzi akikataa kalamu yako, mwombe aandike kwa nini. Jibu hilo likija, nitumie nakala, tutaisoma pamoja mstari kwa mstari.